Leseni Iliyopigwa Fremu

Muleba nzima, mwaka ule wa 1953, hakukuwa na dereva aliyemshinda Protase. Muulizeni mwenyewe. Alikuwa na mwaka mmoja tu barabarani, akiendesha lori la kahawa la Bwana Hamidi, tajiri wa Nshambya kule Bukoba, lakini ukimsikiliza ungedhani ndiye aliyewafundisha Wazungu kukanyaga breki.

Siku alipofaulu mtihani, baba yake, mzee Rugaibula, alichinja mbuzi na kutengeneza lubisi, pombe ya ndizi, ukoo ukanywa ndizi za kibanja kizima. Kisha ukaja mjadala mzito: leseni ikae wapi? Mfukoni, na jasho lote lile, kama tumbaku? Hasha! Hati za heshima za nyumba ile zilikaa ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria: cheti cha ndoa ya mzee, vyeti vya ubatizo vya watoto wote, kila kimoja na fremu yake. Seremala akaitwa. Kile kijitabu cha leseni akakifungua penye picha ya Protase, akakibandika ubaoni kwa uji mzito wa muhogo, kurasa zilizobaki zikalala huko nyuma. Akafunika kwa kioo, akapiga misumari kumi na miwili. Watu wakaja kutazama, hata wavuvi wa Bumbire walioleta samaki sokoni.

Askari akimsimamisha barabarani, Protase alikuwa na jibu tayari. "Leseni iko nyumbani, ukutani. Nenda kaitazame, mzee hatakunyima kikombe." Askari mwenyewe alikuwa wa kijiji cha jirani na kikombe hicho alishakinywa, kwa hiyo sheria ya Malkia ilitimizwa bila matatizo.

Aliyekipangusa kile kioo kila wiki ni Alistidia, mke wa Protase. Naye alikuwa na kasoro moja kubwa: alijua kusoma.

"Baba Felicitas," alimwambia mwezi wa tano, "hapa wameandika mwisho wake ni tarehe ishirini na tano Julai. Ipelekwe Bukoba kabla ya siku hiyo."

Protase alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe ulibatizwa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mwaka wa pili ulirudi kwa padri akubatize tena?"

"Sikurudi. Lakini cheti changu hakina tarehe ya mwisho. Hiki kinayo."

Masikini, mwanamke hajui mambo ya udereva! Protase alimhurumia kwa moyo wote. Mwezi wa sita Alistidia akamkumbusha tena, akaambiwa aangalie ndizi zisiungue. Mwezi wa saba akapangusa kioo chake, akanyamaza.

Kulikuwa pia na Datius, utingo wa lile lori, mtu mzima mwenye watoto wanne. Protase mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha, na mwezi wa pili Datius alifaulu mtihani. Leseni yake aliitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akarudi kubeba magunia. Hakuchinja hata kuku. Protase alimwonea haya.

Ijumaa ya tarehe ishirini na nne Julai, Bwana Hamidi alifika Muleba kuona kahawa yake.

"Protase, Jumatatu wanaanza kukagua malori yote ya kahawa. Leseni yako inaisha lini?"

Protase alikohoa.

"Nimekuuliza lini."

"Kesho, Bwana Hamidi."

"Kesho! Na leo ndiyo unanieleza? Sikiliza, bwana. Jumatatu asiye na leseni hai hagusi usukani wangu."

Bila lile lori alikuwa nani? Mtoto wa Rugaibula tu, mwenye jembe na mundu kama vijana wengine mia tatu. Aliogopa kweli, na usiku ule hakula.

Asubuhi akataka kung'oa misumari. Mzee akasimama mbele ya ukuta.

"Fremu yangu haibomolewi. Ichukue ilivyo, na hao wa Bukoba waione."

"Tata, wanataka kijitabu tu!"

"Ilivyo, nimesema."

Basi wakaondoka, Protase kwenye usukani, Datius pembeni amepakata fremu iliyofungwa kwenye khanga ya Alistidia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Walifika ofisini saa tano, na Jumamosi ofisi hufungwa saa sita. Karani, Mustapha, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, alifunua khanga akatazama.

"Poleni sana. Marehemu ni nani?"

"Ni leseni yangu," alisema Protase. "Nataka kuihuisha."

Mustapha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ndugu yangu, muhuri unapigwa ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne uko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Ya uji."

Kioo kikavunjwa palepale kizingitini. Protase akabandua kwa rula ya karani, akabandua kwa maji ya moto, akabandua kwa kucha huku akisali. Kumbe mende nao walikuwa wanaupenda ule uji! Picha ikatoka bila kidevu, namba ikatoka nusu, na ukurasa wa nne ukabaki ubaoni, haung'oki hata kwa dawa.

"Ungekuja mwezi mmoja kabla, kama ilivyoandikwa," alisema Mustapha, "ningeomba nakala Dar es Salaam, ikarudi kwa wakati. Leo ndiyo siku ya mwisho. Na wewe leseni yako ni ya kwanza; ya kwanza ikifa, mtu anarudi kwenye mtihani."

"Mtihani ni lini?"

"Septemba, Mzungu akitoka likizo. Mpaka hapo nitakupa cheti cha mwanafunzi. Utafunga kibao chenye herufi L, na pembeni yako akae dereva mwenye leseni."

Protase akageuka. Datius alikuwa anafungua kifungo cha mfuko wa shati, taratibu, macho chini kwa aibu ya kumwonea mwenzake huruma.

Walipompasha habari Bwana Hamidi pale Nshambya, hakugomba. Alichukua ufunguo mkononi mwa Protase, akauweka mkononi mwa Datius. "Mwanafunzi hajifunzii kwenye kahawa yangu," alisema. "Lakini mtu wa kubeba magunia ninamhitaji."

Wakaanza safari ya kurudi Muleba, Datius kwenye usukani, Protase pembeni. Kwenye kilima cha Muhutwe injini ikakohoa, lori likasita, likaanza kurudi nyuma polepole. Datius alikanyaga breki kwa miguu miwili. Wakati kama huo utingo huruka chini na gogo akalikabe gurudumu, na Datius, kwa mazoea, tayari alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Akakiachia.

"Mwalimu," alisema kwa upole, kwa adabu zote za Kihaya, "gogo, waitu."

Protase aliruka.