Nguruwe Aliyetazama Friji

Kila Jumatatu jioni chama cha kupunguza uzito kilikutana kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, na kabla hujasalimia mtu ulivua viatu. Ukavua koti, sweta, mkanda, saa, hata hereni. Bibi mmoja alikuwa akitoa meno yake ya bandia na kuyafunga kwenye leso. Kisha ulipanda mizani, na Corinne Kubiak, mwenyekiti, akaisoma namba kwa sauti ya kumfikia aliye mlangoni.

Aliyepungua alipigiwa makofi. Aliyeongezeka alipewa nguruwe.

Alikuwa nguruwe wa udongo, wa rangi ya waridi, mkubwa kama mtoto mchanga, naye alikuwa na sheria zake. Ulimbeba kifuani mpaka kwenye gari, wenzako wamejipanga pande mbili wakikukoromea kama nguruwe. Nyumbani ulimweka juu ya meza ya jikoni, uso wake ukitazama friji, na hapo alikaa wiki nzima. Mwanachama yeyote aliruhusiwa kupita kuhakikisha kwamba yupo. Wanawake wa mji ule walikuwa wamembeba tangu zamani, mama akimwachia binti, na hakuna aliyewahi kuuliza kama amempunguza mtu.

Arlys hakujiunga kwa ajili ya gauni, wala kwa ajili ya mwanamume. Alijiunga kwa ajili ya kaka yake, Wendell, mume wa huyo huyo Corinne. Figo za Wendell zilikuwa zimekwisha. Siku za mashine alikaa kwenye kiti saa nyingi, damu yake ikitoka mwilini, ikisafishwa, ikirudi, na alipofika nyumbani alikuwa na rangi ya majivu na hakuweza hata kumfungia mbwa mnyororo. Katika ukoo mzima, figo iliyolingana na mwili wake ilikuwa ndani ya Arlys. Na Arlys alikuwa mnene kupita kiasi ambacho madaktari wangekubali kumpasua.

Muuguzi wa hospitali, mama mmoja mfupi aliyeitwa Imelda, alimweleza bila kuzunguka.

"Dada, mimi sitafuti namba. Natafuta figo yenye afya na mwenye figo mwenye afya. Kwa hiyo utakula. Asubuhi usiache kula. Nusu ya sahani iwe mboga, nyama isizidi kiganja chako, soda uiage. Usijitese kwa njaa, na usimeze kidonge chochote cha kukupunguza. Umenisikia hapo?"

"Nimesikia."

"Halafu tafuta mazoezi unayoyapenda. Yale ya kujilazimisha utayaacha theluji ya kwanza ikianguka."

Arlys aliona haya kidogo. "Mimi napenda kucheza polka tu, ile dansi ya kodiani."

"Basi cheza polka."

"Na yenyewe ni mazoezi?"

"Cheza nusu saa bila kukaa, halafu uje uniulize tena."

Kwa hiyo kila Jumamosi mchana Arlys alimchukua binti yake mdogo, Tilda, wakaenda kwenye ukumbi wa dansi nyuma ya baa, ambako wazee wastaafu wa mashamba ya ng'ombe walicheza mpaka wakati wa kwenda kukamua, ingawa wengi hawakuwa tena na ng'ombe wa kukamua. Mzee Florian, mjane aliyetengeneza jibini maisha yake yote, ndiye aliyekuwa akimshika mkono. Siku ya kwanza Arlys alimaliza wimbo mmoja akadhani moyo utatokea mdomoni.

"Unahema kama ndama," alisema Florian.

"Na wewe unanukia jibini."

"Hiyo haitoki, mwanangu. Haya, kodiani hiyo inaanza, simama."

Miezi ikapita hivyo. Nyumbani alipika kabichi, viazi vitamu, samaki wa kuoka badala ya wale wa kukaangwa wa Ijumaa. Jumapili alikula kipande kimoja cha keki, akakila polepole, bila kujilaani. Sketi zikaanza kumzunguka kiunoni. Alipanda ngazi za shule alikofanya kazi jikoni huku akiongea, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu amzae Tilda. Tilda alikuwa akisimama juu ya miguu ya mama yake, wakazunguka jikoni wote wawili, mtoto akicheka mpaka anapata kwikwi. Imelda alimpima akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Walipanga vipimo vya mwisho vifanyike wiki ya pili ya Novemba, na vikienda vizuri, upasuaji ungefanyika kabla ya Krismasi.

Lakini Corinne hakuona hayo. Yeye aliona namba.

"Nusu paundi," alitangaza Jumatatu moja, kana kwamba anasoma hukumu. "Haya makofi basi, madogomadogo, yalingane na kazi yenyewe."

Walipokuwa wakivaa viatu alimsogelea. Corinne alikuwa na macho mekundu ya mtu anayelala kwenye kiti kando ya kitanda cha mgonjwa. Hilo lazima lisemwe. Alimpenda mumewe.

"Wifi, mume wangu anakufa kila siku, na wewe unapungua nusu paundi na unacheza ngoma na vizee."

"Muuguzi amesema nisikimbilie."

"Muuguzi analala na nani usiku? Analala na Wendell?"

Arlys aliinama akafunga kamba za viatu, ambazo sasa alizifikia bila shida.

Jumatatu ya wiki iliyotangulia vipimo, mizani ilipanda. Si sana. Jumapili kulikuwa na ubatizo, na soseji za chumvi, na ilikuwa ile wiki ya mwezi ambayo kila mwanamke anaijua. Corinne alisoma namba mara mbili. Kisha akaenda kabatini mwenyewe, akamtoa nguruwe, akamweka mikononi mwa wifi yake kama anayempa mtoto wa ubatizo.

"Mlee vizuri," alisema. "Mnafanana kama ndugu."

Wakacheka. Wakajipanga pande mbili. Arlys alipita katikati yao huku wanakoroma, wanawake aliosoma nao, mwanamke aliyemfundisha Tilda kuimba, na yule bibi, ambaye hakuwa amerudisha meno, akikoroma kuliko wote.

Siku chache baadaye Corinne alifika nyumbani kwake bila hodi ndefu. Alitazama kwanza meza. Nguruwe alikuwepo, anatazama friji. Tilda alikuwa amemfunga kitambaa shingoni ili asisikie baridi.

"Jumanne wanakupima," alisema Corinne. "Ukizidi hata kidogo wanakurudisha nyumbani."

"Sitazidi. Imelda alinipima wiki iliyopita tu."

"Wiki iliyopita hukuwa umebeba nguruwe." Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa chupa ndogo ya dawa, akaiweka mezani, mbele ya pua ya udongo. Ilikuwa na jina la Wendell. "Vidonge vya kukojoza. Anapewa vingi. Meza kuanzia Jumamosi, usile, usinywe. Jumatatu utashuka kama jiwe."

"Corinne, nimekatazwa."

"Umekatazwa vidonge vya kupunguza. Hivi ni maji tu. Nusu ya chama wanavimeza, unadhani wanashukaje? Kwa viazi vitamu?" Akakaa. "Jana aliniuliza kama nitaolewa tena. Nilikuwa namkata kucha. Unajua mtu anajibu nini hapo? Usiponifanyia mimi, mfanyie yeye. Au sema tu hutaki, tujue."

Hilo la mwisho ndilo lililommaliza Arlys. Arlys angeweza kuvumilia kukoromewa. Hakuweza kuvumilia kuambiwa hataki.

Jumamosi hiyo hakwenda kwenye dansi. Mzee Florian alipopiga simu, Arlys alimwambia ana mafua. Alimeza, akakojoa, akameza tena. Jumapili midomo ilikuwa imempasuka, na Tilda alipopanda juu ya miguu yake alimwomba ashuke, kwa kuwa misuli ya miguu ilikuwa inamkaza. Jumatatu alipanda mizani akiwa ameshika ukuta. Namba ilikuwa imeshuka kuliko ilivyowahi kushuka. Ukumbi mzima ulisimama. Walimvika taji la karatasi, Corinne akamkumbatia kwa nguvu na kumnong'oneza, "Unaona sasa." Halafu wakafanya kama wanavyofanya kila Jumatatu baada ya kupimwa: wakaenda wote mgahawani kula pai, kwa sababu mizani nyingine ilikuwa mbali, wiki nzima. Arlys alikula vijiko viwili, akaenda chooni akavitapika.

Jumanne hospitalini hakuna aliyepiga makofi. Uzito ulikuwa sawa, chini hata ya walivyotaka. Walitoa damu, wakachukua mkojo kidogo uliopatikana, na baada ya muda Imelda akaja akafunga mlango.

"Figo zako zina shida ambayo hazikuwa nayo mwezi uliopita," alisema. "Na kuna dawa kwenye mkojo. Umemeza nini?"

"Vya kukojoza."

"Nani alikupa?"

Arlys alifungua mdomo. Wendell alikuwa ameshakaripiwa mara moja kwa kuruka dawa zake, na akaambiwa kwamba asiyetunza dawa hapewi figo ya mtu yeyote, awe dada au maiti. Wangejua kwamba chupa yake inagawiwa watu, wangelifuta jina lake kwenye orodha ya wanaongojea figo.

"Nilinunua mwenyewe," alisema.

"Wapi?"

"Sikumbuki."

Imelda aliandika hivyo kwenye faili, kisha akampa nafasi ya kubadili maneno. Arlys hakubadili.

Daktari ndiye aliyeleta uamuzi wa jopo la madaktari wenzake, naye hakuwa mtu mbaya. Figo zingepona, alisema, kwa maji na kupumzika. Lakini mtu aliyeziumiza ili kuifurahisha mizani angeweza kuiumiza tena ile moja atakayobaki nayo, na mtu anayeficha kitu hawampasui. Akitaka, aombe tena baada ya mwaka.

"Kaka yangu ana mwaka?" aliuliza Arlys.

Daktari alipanga kalamu zake. "Hilo sijui," alisema.

Habari zilifika mjini kabla ya Arlys, na zilifika zikiwa zimevaa nguo nyingine. Corinne alisema wifi yake aliogopa kisu. Alisema ndiyo sababu alimeza vidonge, ili ajiharibu akataliwe, aonekane alijaribu. Alisema hivyo kwenye mlango wa kanisa, akilia machozi ya kweli, na watu wakamshika mabega. Shuleni mpishi mwenzake akaacha kukaa naye wakati wa chai. Jumatatu, maji yakiwa yamerudi mwilini kama ilivyo lazima, mizani ilipanda sana. Corinne hakumtazama. Alimkabidhi nguruwe, na safari hii hawakukoroma. Walinyamaza, na kule kunyamaza Arlys alikubeba mpaka kwenye gari pamoja na nguruwe.

Wendell alifika Jumamosi asubuhi. Alikuja akiendesha mwenyewe, jambo alilokatazwa, na alipumzika kwenye ngazi kabla ya kuingia. Tilda alimletea kiti. Alikaa, amevaa kofia, anamtazama nguruwe, na nguruwe anatazama friji.

"Wanasema ulikimbia," alisema.

"Nimesikia."

"Ulikimbia?"

Arlys alikuwa anakata kabichi. Alikata bila kuacha. "Waulize wanaosema."

"Nimeuliza chupa yangu," alisema Wendell. "Ilikuwa imejaa, sasa vidonge vimepungua. Mimi kukojoa kwenyewe siku hizi ni kama sikukuu, vidonge hivyo navijua kila kimoja. Nikamuuliza Corinne, akaniambia nimechanganyikiwa kwa sababu ya ugonjwa." Akavuta pumzi. "Ungewaambia ni vyangu."

"Wangekufuta."

"Najua."

"Basi usiniulize kwa nini."

Alilia, kaka yake, kwa namna ya watu wasio na maji mengi mwilini, uso ukikunjamana tu. Arlys hakumkumbatia mara moja. Alikuwa na hasira naye pia, kwa kuugua, kwa kuoa, kwa kukaa pale akiwa mwembamba vile. Kisha akanawa mikono, akamshika kichwa akakiegemeza tumboni kwake, hapo hapo upande figo ilipokuwa.

"Mwaka," alisema Wendell ndani ya sweta yake.

"Nitakuwa tayari. Nitakula kama mtu mwenye akili na nitacheza. Hakuna mtu atakayenipima ila Imelda."

"Na mimi nikiwa sipo?"

Hakumdanganya. "Basi nitakuwa nimecheza tu."

Mchana alimpeleka kwenye ukumbi wa dansi, wakamkalisha karibu na jiko la kuni. Mzee Florian hakuuliza kitu, alinyoosha mkono. Wimbo wa kwanza Arlys alihema, wa pili akazoea. Kila alipozunguka alimwona kaka yake na kofia yake, akimhesabia mapigo kwa kidole gotini, na Tilda ameegemea paja lake. Wimbo ulipoisha alitaka kwenda kukaa naye. Wendell alimpungia mkono arudi.

"Endelea," alisema. "Mimi natazama."

Walipomrudisha kwenye gari lake kule nyumbani, aliingia kwanza jikoni, akatoka na nguruwe kifuani, akitembea polepole, akisimama kila baada ya hatua chache.

"Unampeleka wapi?" aliuliza Arlys. "Anatakiwa akae kwangu mpaka Jumatatu."

"Huyu ana mwenyewe," alisema Wendell. Akamfunga mkanda kwenye kiti cha abiria, akageuza gari kuelekea kwake, ambako Corinne alikuwa ameandaa meza ya chakula cha jioni.