Sindano Iliyopotea Ijumaa

Uzi uliopita mikononi mwa Nyakerario kabla ya mwaka ule wa tisini na sita ungetosha kuufunga mji wa Migori kama furushi la mitumba, ukabaki wa kufungia Rongo, na kile kipande cha mwisho ukawapelekea wavuvi wa Takawiri wakakifanya mshipi. Kila kiti sebuleni kwake kilikuwa na kitambaa cha kufuma. Meza ilikuwa nacho. Redio ilikuwa nacho, chenye tundu la kupitishia taarifa ya habari. Mtungi wa maji ulikuwa na chake, chenye ushanga pembeni. Jirani yake Benta, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa akiwaonya wageni wasitulie sana mle ndani, wasije wakafumiwa vyao wakiwa wamekaa.

Lakini tangu mwezi wa tatu, walipomzika mumewe Mogire kwao Kisii, Nyakerario alikuwa akifuma kitambaa kimoja tu.

Mogire alikuwa karani wa chama cha ushirika. Karatasi za kaboni zilizochakaa ofisini alizibeba nyumbani mfukoni, na jioni akamchorea mkewe michoro juu ya kitambaa cheupe: mananasi, majogoo, vikombe vya chai vinavyotoa mvuke. Yeye akichora, mke akifuma. Miaka ishirini na sita. Mchoro wake wa mwisho ulikuwa tausi. Alichora kichwa, shingo, kifua na miguu, kisha akaiweka kalamu chini akasema tumbo linamsokota kidogo, mkia atamalizia kesho. Kesho yake alilazwa. Siku ya nne alikuwa chumba cha maiti, na tausi akabaki hana mkia.

Nyakerario hakulia. Akina mama wa chama cha Dorkasi walikuja kutoka kanisani na leso za kumfutia machozi, wakarudi nazo kavu, zimekunjwa vilevile. Wala hakuwa anajizuia. Alijitafuta ndani akakuta hali kama ya shavu lililotoka kuchomwa ganzi ya jino: unajua liko, unaligusa, lakini unagusa la mtu mwingine. Watu walisema ana imani kubwa. Yeye hakujua ana nini.

Basi akawa anafuma mkia. Asubuhi aliushona unyoya mmoja kwa uzi mwekundu. Jioni aliutazama, akaona si ule ambao Mogire angeuchora, akaufumua. Nyuzi zilizofumuliwa zilianguka miguuni, naye hakuziokota. Binti yake Nyamusi, mwalimu huko Homa Bay, alituma uzi kila mwisho wa mwezi akiamini mama anakamilisha seti ya viti sita. Kumbe ni unyoya mmoja, unazaliwa saa tatu na kuzikwa saa kumi na moja.

Waliomwangalia akifanya kazi hiyo walikuwa wawili. Wa kwanza ni kuku aliyeitwa Madam, ambaye alikataa kutaga mahali pengine popote duniani isipokuwa ndani ya kikapu cha nyuzi, hata nyumba ile ikasifika kwa mayai yaliyovaa sweta. Wa pili alikuwa paka.

Paka huyo, dume la rangi ya majivu, aliitwa Karani kwa sababu hakuweza kuona karatasi asiikalie. Alikuwa wa Mogire. Mogire alikuwa akiapa mbele ya wazee wa kanisa, bila kucheka, kwamba paka huyo anaijua tarehe ya mshahara, na kwamba siku moja alimsahihishia hesabu kwa ukucha. Kila usiku Karani alilala juu ya kifua cha Mogire, juu ya sweta lake la kahawia. Mogire alipokwenda, sweta lilibaki, na Nyakerario akalivaa. Alilivaa juu ya gauni la nyumbani, akalivaa juu ya nguo ya kanisani, akalala nalo, na hakulivua ila kwa kuoga, katika jua la Migori ambalo huwatoa jasho hata mijusi. Karani alimfuata popote, akampandia kifuani, akatia pua kwenye sufi, akalala.

Sasa, Ijumaa moja mwezi wa saba, Nyakerario alikuwa katikati ya kuufumua unyoya wa siku hiyo. Kwa Wasabato kazi zote huwekwa kando kabla jua halijazama, na yeye kwa miaka yote hakuwahi kushikwa na Sabato akiwa na uzi mkononi. Siku hiyo aliinua kichwa akakuta dirisha limekuwa jekundu. Alisimama upesi. Mkasi kwenye mkebe, kitambaa ndani ya kikapu, Madam nje. Mikono ilifanya inavyofanya siku zote, kichwa hakikuwepo. Aliposhika kile kimto chake cha kuchomekea sindano, alihesabu saba. Siku zote zilikuwa nane. Lakini jua lilikuwa limekwisha kuzama, na kutafuta sindano nayo ni kazi. Akawasha taa, akafungua Biblia, akasoma ukurasa mmoja mara tatu.

Jumamosi Karani hakula. Jumapili Benta aliingia na kopo la omena waliokaangwa kwa nyanya, harufu ambayo ingeweza kumwamsha paka aliyezikwa. Karani aligeuza uso.

"Yawa!" Benta akasema. "Mama Nyamusi, huyu paka wako ameokoka? Anafunga na kuomba?"

"Hajala tangu juzi."

Benta alichuchumaa, akamtazama mnyama mdomoni. Mate yalikuwa yakimtiririka, na pembeni mwa ulimi kulikuwa na kitu chekundu, chembamba, kama mshipa.

"Hii ni uzi. Uzi yako. Na sindano iko wapi?"

"Moja imepotea Ijumaa."

"Wuololo! Amemeza sindano!"

"Labda."

"Labda?" Benta alisimama, mikono kiunoni. "Nyar Kisii, binti wa Kisii wewe, nakuambia mtu wa Mogire anakufa, unanijibu labda kama nimekuuliza mvua itanyesha?"

Nyakerario alimtazama Karani. Alijua anachopaswa kuhisi. Alikijua kama mtu anavyojua jina la mji mkuu wa nchi ya mbali. Huyu ndiye aliyekuwa amebaki na joto la Mogire mwilini. Akifa, sweta litakuwa sweta tu. Alikaa akausubiri woga uje. Hakuna kilichokuja. Akasema, kwa sauti ileile ya kuagiza kibiriti dukani, "Tumpeleke kwa daktari."

Daktari wa mifugo wa mjini alikuwa amekwenda matangani kwao. Aliyekuwa karibu alikuwa Nicanor wa Ogwedhi, daktari wa ng'ombe, na kwa bahati kesho yake ilikuwa siku ya mnada kule. Ndugu yake Benta aliyeitwa Dishon alikuwa anakwenda na pikapu kununua mafahali. Akawabeba, wanawake wawili mbele na Karani ndani ya kikapu cha nyuzi, juu ya mayai mawili ya Madam ambayo hakuna aliyekumbuka kuyatoa.

Mnada wa Ogwedhi ulikuwa haujawahi kuona mnyama mdogo kuliko mbuzi. Kikapu kilipofunguliwa, watu waliacha mafahali.

"Mama, huyo ni wa maziwa ama wa kulima?" mmoja akauliza.

"Ni wa kushika panya wenye meno kama yako," Benta akamjibu, "kwa hivyo simama mbali."

Nicanor alikuwa mtu mrefu wa gamubuti na koti lililowahi kuwa jeupe. Alimsikiliza Nyakerario mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Mama, mimi ni wa ng'ombe. Sindano yangu ndogo kabisa ikiingia kwa huyu, inatokea upande ule mwingine inasalimia watu."

"Nimeelewa."

"Lakini ng'ombe pia humeza vyuma. Misumari, nyaya. Kuna kitu sisi hutumia." Akatoa mfukoni sumaku nene kama kidole gumba. "Hii ng'ombe humeza, inakaa tumboni inakusanya chuma chote. Watu wanasema ile yangu ya kwanza ilivuta kengele kutoka shingo ya ng'ombe wa jirani. Huyu hawezi kumeza, lakini nitaifunga na uzi, niipitishe juu yake. Ikivutwa, sindano iko ndani." Akashusha sauti. "Na ikiwa ndani, mama, sitakudanganya. Kumpasua siwezi. Nitamdunga ile ya kulala asiamke. Asiteseke."

"Sawa," Nyakerario akasema.

"Sawa?" Benta akafoka. "Sawa tu?"

"Nimesikia, Benta."

Karani hakutaka kushikwa na mgeni, kwa hiyo Nyakerario alimkumbatia kifuani, pale pale pake kwenye sufi. Paka akatulia. Nicanor akashusha sumaku. Ilizunguka kidogo, ikasita, kisha ikaenda moja kwa moja kwa Karani, na uzi ukalala mshazari kama kamba ya ng'ombe mkaidi. Mnada mzima ukavuta pumzi. Nicanor akaitoa, akairudia. Ikaenda vilevile.

"Pole, mama," akasema, akageuka kuivuta dawa kutoka kwenye chupa.

Nyakerario alibaki akimpapasa paka. Aliuona mkono wake ukienda mbele na kurudi, mbele na kurudi, kwa hatua fupi zilizolingana, kama anashona. Aliona pia kwamba chupa ya Nicanor ilikuwa na kizibo cha gunzi la mhindi. Aliona kila kitu. Moyoni kulikuwa kimya.

"Mlete hapa juu ya pipa."

Akamweka. Nicanor, ambaye Mungu amrefushie maisha, alikuwa mtu wa kuhakikisha. Alikuwa amewahi kumdunga ile ya kulala fahali mzima, akidhani ndiye mgonjwa aliyesimama kando yake. Kabla ya kudunga, akaipitisha sumaku mara ya tatu. Safari hii ikaning'inia wima, imekufa. Akaipitisha kichwani, tumboni, mpaka mkiani. Wima. Akakunja uso. Akatazama alipokuwa paka dakika moja iliyopita, akamtazama mwenye paka, akasogeza mkono.

Sumaku ikaruka. Tik. Ikanata kwenye sweta, upande wa kushoto.

"Mama Nyamusi," Benta akanong'ona, "ni wewe umemeza?"

Benta alimvuta nyuma ya turubai la Jedidah, muuza chai wa pale mnadani, akalifungua lile sweta. Sindano ya nane ilikuwa imechomekwa kwa ndani, pale fundi yeyote wa uzi huchomeka sindano mikono ikijaa. Ncha yake imetoboa sweta, gauni na shimizi. Benta akafunua zaidi. Juu ya titi, kwenye ngozi, kulikuwa na vidonda vidogo vya ncha, kumi, ishirini, vingine vimekauka na vingine vibichi, vimepangana vikifuata kila alivyoinama, alivyolala, alivyombeba paka. Shimizi ilikuwa imeganda damu. Benta alinyamaza. Wenye mnada wanaukumbuka ukimya huo wa Benta mpaka leo kuliko bei za mafahali.

"Tangu Ijumaa?"

"Inaonekana."

"Na hukusikia?"

"Sikusikia."

Nje, Nicanor alikuwa amempanua Karani mdomo. Uzi ulikuwa umejizungusha kwenye shina la ulimi, na mwisho wake umeteremka kooni. Aliukata kwa mkasi, akauvuta polepole. Watu wa Ogwedhi husema ulitoka mita tisa, lakini wale hata ndama wao huzaliwa na pembe. Zilikuwa shubiri mbili za uzi mwekundu uliofumuliwa, umejikunjakunja. Karani alikuwa ameokota sakafuni unyoya wa tausi, akaula. Alipoachiliwa, alimng'ata Nicanor kidole gumba, akateremka kwenye pipa, akaingia kwenye kikapu na kuvunja yai moja, akalilamba mpaka ganda.

"Anakula!" watu wakapiga kelele. "Fahali mdogo anakula!"

Nyakerario alisikia kelele hizo kutoka nyuma ya turubai. Akafikiri: hafi. Akalirudia, hafi, akasubiri.

Nicanor akapenyeza mkono na chupa nyingine, uso ameugeuzia upande wa ng'ombe. "Mwambie mama hii ni ya kwato. Itawasha."

Benta alilowesha pamba, akaibandika kwenye tundu la kwanza. Nyakerario aliitazama dawa ikichirizika, ya kahawia kama sweta. La pili. La tatu. Benta alikuwa akilia yeye, kimyakimya, kamasi na yote, akijifuta kwa kiwiko. La nne.

Ilikuja taratibu, ikitokea mbali, kama mtu anayekaribia nyumba asiye na hakika kama ndiyo yenyewe. Kwanza joto. Kisha ikawa na ncha.

"Inawasha," Nyakerario akasema. Alisema kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa katikati ya soko.

Benta aliondoa mkono haraka. "Pole, mama, pole. Basi, naacha."

Nyakerario aliushika mkono ule kabla haujaenda mbali.

"Weka tena," akasema.