Jiwe la Kileleni

Darmi, binti yangu, alikuwa akisikika kabla hajaonekana. Kacha-kacha, kacha-kacha, sanduku kwapani, anatoka kwa ndama, anakwenda kisimani, anarudi. Kaltuma, mke wa shemeji yangu, alimwita punda mwenye kengele.

Sanduku hilo Godhana, mume wangu, alilipata Witu kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga vyake arudi kwao. Alitoa ndama dume, akarejea na sanduku la mbao lenye kifuniko cha kusukuma, na ndani yake vijiwe vya kuchezea watoto, laini, vya kupanga nyumba. Vyekundu, vyeupe kama siagi, na vichache vya buluu. Kaltuma alicheka mpaka akaketi chini.

"Ndama mzima kwa mawe! Godhana, jua la Witu limekupata."

"Wewe shemeji, hapa Garsen umewahi kuliona jiwe?" Godhana akamjibu. "Hapa ni tope mpaka mtoni. Basi binti yangu ndiye mwenye mawe."

Sandukuni mlikuwa na karatasi pia, yenye picha ya nyumba, mlango wake wa upinde, na mnara ubavuni. Tukaanza kujenga jioni ileile, juu ya ngozi ya kulalia. Ukuta ukapanda kidogo, ukainama, ukaanguka. Tukarudia. Ukaanguka tena. Godhana akasema mawe hayana kosa, ila chini hapako sawa. Akaenda kwa Mahmud, yule Mpokomo anayevusha watu kwa mtumbwi, akaomba kipande cha mtumbwi uliokufa. Mahmud akakilainisha kwa tezo mpaka kikawa ubao sawasawa.

Hapo nikaharibu mimi. Kwetu nyumba ni kazi ya mwanamke, na ni ya duara: vijiti vinapindwa, mikeka inafunikwa, basi. Mikono yangu haikujua pembe. Nikayapanga mawe kwa duara, yakaacha nafasi kila mahali. Darmi, ambaye meno ya mbele yalikuwa yamemtoka, akapitisha kidole humo.

"Mama, nyumba yako ina kinywa kama changu."

Tukajifunza pembe. Tukaujenga ule upande wa kwenye picha, jiwe kwa jiwe. Ulipendeza kweli, kisha ukalala kifudifudi kama mlevi, na nusu ya mawe yangali sandukuni. Godhana akaegemeza shavu kwenye ardhi, akaichungulia karatasi kwa ubavu.

"Mgongo wake uko wapi?"

Darmi akaigeuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Mzungu hakuuchora," akasema. "Basi tuujenge wenyewe."

Yeye ndiye aliyegundua pia kwamba jiwe lazima lilale juu ya ufa wa mawili yaliyo chini, la sivyo ukuta unapasuka katikati. Baba yake alimbeba mabegani akizunguka naye boma zima, akitangaza kwamba fundi ameingia mjini.

Likabaki jiwe moja, la buluu, lenye ncha, la kileleni mwa mnara. Na kesho yake Godhana alikuwa na safari ya kuvusha ng'ombe kwenda malishoni ng'ambo. Akalichukua lile jiwe, akalifunga kwenye pindo la shuka yake.

"Hili naondoka nalo. Msinimalizie nyumba. Nikirudi tutaliweka pamoja."

"Utalipoteza, Baba."

"Jiwe moja Garsen nzima! Nitalipotezaje?"

Toka hapo ndipo sanduku likaanza kulia. Mawe yale yalikuwa yamepangwa humo kwa kubanana, kila moja na mahali pake. Kuyarudisha ilikuwa kazi ngumu kuliko kujenga. Likikosekana moja, yaliyobaki yanacheza. Darmi hakuona ubaya. "Linamwita Baba," alisema. Kila asubuhi aliijenga nyumba juu ya ubao, mnara bila kilele, kisha akayarudisha mawe kabla ya kwenda kwa ndama.

Mahmud alikuja adhuhuri moja, Darmi akiwa kwa ndama. Nilimkaribisha, hakuketi. Nikajua.

"Dada Qabale," akasema, "mto ulijaa maji ya bara ghafla. Ng'ombe mmoja aligeuka katikati, wengine wakamfuata. Godhana alikuwa ameshika ndama, hakumwachia. Tumemkuta chini huko, karibu na kijiji cha Hewani. Tumemzika kwa dua, tumemstahi."

Kisha akanipa shuka iliyofuliwa na kukunjwa. Pindo lilikuwa bado limefungwa fundo. Nilishika lile fundo, nikaisikia ncha.

Kaltuma akaja mbio, akanikumbatia, akalia kwa ajili yetu sote wawili. Alipotulia akasema, "Kesho tunaifungua nyumba yako. Mwenyewe ameondoka, haikai pale ilipokuwa. Tutaisimamisha karibu na yangu."

"Darmi asiambiwe na mtu. Nitamwambia mwenyewe."

"Mwambie leo, mwenzangu."

"Nitamwambia."

Nikasikia kacha-kacha inakuja. Nikafunika shuka. Darmi aliingia na vumbi la ndama, akaniuliza mbona macho yangu ni mekundu, nikasema moshi. Nilimpa maziwa. Nilifungua kinywa, nikamwambia anywe polepole. Nilifungua tena, nikamwambia awe makini na ndama mweupe. Akalala ameliegemea sanduku.

Asubuhi wanawake walikuja, nao hawakuimba kama tunavyoimba tukihama. Darmi alikuwa amekwisha kupanga mawe yake juu ya ubao, nje. Mkeka wa kwanza uliposhuka akasimama.

"Tunahama?"

"Tunasogea tu, mwanangu. Kwa Kaltuma pale."

"Ng'ombe hawahami."

"Hawahami."

Akatazama nyumba ya Kaltuma, akatazama nyumba zote za boma. Zilikuwa zimesimama. Yetu peke yake ndiyo iliyokuwa ikibakia vijiti. Mwaka uliopita alikuwa ameona nyumba ya marehemu babu yake ikifunguliwa hivyo, nyingine zote zikiwa zimesimama, naye aliuliza kwa nini, na mimi ndiye niliyemweleza.

Sasa alinitazama mimi.

Nikapiga magoti, nikafungua fundo, nikamwekea jiwe kiganjani. Akaenda kwenye ubao, akaliweka kileleni kwa vidole viwili. Mnara haukutikisika. Nyumba ilikuwa imekamilika, kama ya kwenye picha, na mgongo wake.

"Baba ameiona?" akauliza.

"Sijui, mwanangu. Nadhani ameiona."

Nilimngoja alie, nimvute kwangu. Badala yake alinyoosha mkono akaliondoa lile jiwe la buluu, kwa sababu kwetu nyumba haibomolewi, hufunguliwa kuanzia juu. Kisha la chini yake. Kisha linalofuata. Kaltuma alitaka kumsaidia, nikamzuia. Vijiti vyangu vilikuwa vikishuka nyuma yetu, na mawe yake yakishuka mbele yetu, wala hakuna aliyemwahi mwenzake. Aliyarudisha sandukuni moja moja, kila moja mahali pake, lile la kileleni likawa la mwisho. Akasukuma kifuniko.

Hapo ndipo alipolia. Nilimbeba, mkubwa alivyokuwa, miguu yake ikinigonga magotini, na machozi yangu yakajua njia.

Tulipotoka nyuma ya punda aliyebeba vijiti vyetu, Darmi alitaka kushuka, atembee mwenyewe. Sanduku lilikuwa kwapani pake. Nilitega sikio, hatua baada ya hatua. Halikulia.

Karibu na nyumba ya Kaltuma akanivuta nguo.

"Mama, ubao wa Mahmud umepakiwa?"

"Umepakiwa."

"Usije ukapinda," akasema. "Chini pasipokuwa sawa, nyumba itaanguka."