Mchoro wa Korongo la Niboye

Niyongabo alikuwa fundi wa mifereji tangu ujana wake Bujumbura, lakini mfereji huu mmoja hakuna aliyemwomba auchore. Aliuchora kwa sababu korongo la Niboye lilimchukua binti yake Gwiza mwaka juzi, kwa mvua ya saa moja tu. Siku ya mazishi alimwahidi mkewe Claudette kwamba atalijengea korongo lile mfereji kwa mikono yake mwenyewe. Basi akapeleka pendekezo lake ofisi moja ya serikali pale Kacyiru, jijini Kigali, akangoja miezi minne.

Leo alikuwa ameitwa. Afisa Shyaka, kijana mpole aliyekulia Kampala, alimvutia kiti. Ukiona afisa anakuvutia kiti, bwana, ujue habari si njema.

"Mzee, mchoro yako iko nzuri sana. Wahandisi wetu wameikubali."

"Sasa ninaanza lini?"

Shyaka akafungua faili. Mtu akileta pendekezo bila kuombwa, alieleza, hupewa kazi bila kushindanishwa ikiwa wazo ni jipya na ni lake peke yake. "Lakini hii iko kwenye kumbukumbu za mkutano wa umuganda, mwezi wa pili. Barua yako iliingia mwezi wa tatu. Kwa sheria, hiyo ni ombi ya wananchi. Lazima tutangaze tenda, na tenda inataka kampuni ya miaka kumi."

Kampuni ya Niyongabo ilikuwa na miaka miwili. Akaikumbuka Jumamosi ile ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa: majembe yamewekwa chini, majirani wamekaa kwenye nyasi, yeye amekunjua karatasi akiwaeleza, katibu akiandika. Mdomo ulimponza kichwa. Lakini angenyamaza vipi, na watoto wao wanavuka palepale?

"Unaweza kurudisha mchoro yako nyumbani," Shyaka alisema taratibu. "Ukiichukua, haturuhusiwi kuitumia. Tutaanza upya."

Moyo wa Niyongabo ulitaka kuuchukua. Kusema kweli, ulitaka kuuchana.

"Nikiuacha, mtamaliza kabla ya mvua za mwezi wa tatu?"

"Tutamaliza, mzee."

Akatia sahihi karatasi ya kuuacha mchoro.

Hajafika getini, Claudette akapiga simu. "Baba Gwiza, wamekubali?"

"Wamekubali."

Akamsikia analia kwa furaha, akimshukuru Mungu, akiuliza awe anampelekea chakula saa ngapi kule kazini. Niyongabo alisimama na simu sikioni, asiweze kumwambia kwamba atakayejenga ni mtu mwingine.