Karatasi za Mji Mkavu

Kwa muda mrefu Lenah aliuona mchezo wake akilini ukiwa kitabu: jalada gumu, jina lake mgongoni, kimesimama dukani katikati ya vitabu vingine. Ulikuwa mchezo wa mezani, wa kusimulia. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, mkazi wa mji uliokaukiwa na maji. Msimulizi anaeleza kilichotokea, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, kisha dadu inaamua kama amefaulu.

Bei ya kitabu kizima hakuna aliyeimudu. Walubengo, mwenye kibanda cha kupiga chapa Kawangware, ndiye aliyetoa wazo. Kibera watu hununua mafuta ya kupima na sukari ya kupima. Mbona mchezo usipimwe? Wakaugawa karatasi kwa karatasi: ya soko, ya safari, ya ugonjwa, ya kuchimba kisima. Walidhani kila meza, yaani kila kundi la wachezaji, ingenunua moja leo na nyingine baadaye, mpaka ikamilishe.

Hapo walikosea, ingawa wote wawili ni wapangaji wa miaka mingi na walipaswa kujua. Kwenye ploti, penye vyumba vya kupanga vilivyobanana, mmoja akiwa na pasi, hakuna mwingine anayenunua pasi. Meza ya Mashimoni, upande mmoja wa Kibera, ilinunua ya soko na ya kisima. Meza ya Gatwekera, upande mwingine, ikaona hizo tayari ziko kwa jirani, ikachukua ya safari na ya ugonjwa. Basi. Hakuna aliyekuwa na mchezo mzima, na hakuna aliyejiona amepungukiwa.

Ndipo Muia alipopiga simu. Alikuwa mhariri wa kampuni ya vitabu mjini, mkazi wa Nyayo Highrise, mtaa wa ghorofa jirani na Kibera, na karatasi moja ilikuwa imemfikia kupitia fundi aliyekuja kumtengenezea mfereji. Alieleza kwamba vijana hawanunui riwaya kama zamani, lakini huko nje michezo ya namna hii inatolewa kwa vitabu vinene na watu wanavigombania. Angekuja Jumamosi kuutazama ukichezwa. Akiridhika, kitabu kitatoka.

Lenah alimwendea Trizah, msimulizi wa Mashimoni, akamwomba siku hiyo wacheze kama ilivyoandikwa. Trizah alisema sawa, kwa sauti ambayo haikumtuliza mtu.

Jumamosi walikaa nyuma ya kibanda cha maji, juu ya mitungi iliyopinduliwa; kiti kimoja kilichokuwepo alipewa Muia. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mhusika wa Ojwang, mchimba kisima, alipokunywa maji ya shimoni na dadu ikamkataa. Trizah akaiweka dadu mfukoni. Karatasi ya ugonjwa ilikuwa Gatwekera.

"Haya, twende," akasema, na meza nzima ikasimama.

Muia alimtazama Lenah. Lenah akasimama pia. Ojwang, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, alijitupa begani kwa Chris, mchezaji mwenzake, na kuburuta miguu njia nzima.

"Msee, wewe ni mzito kwa mchezo na nje ya mchezo," Chris akamwambia.

"Mgonjwa hatukanwi, buda."

Gatwekera msimulizi alikuwa Akoth. Yeye na Trizah huimba kwaya moja, lakini alimtazama kana kwamba hajawahi kumwona.

"Nyinyi ni wa mji gani?"

"Wa kisima."

"Na mnatuletea nini, mbali na huyu maiti?"

Ojwang akakohoa kuonyesha kwamba bado yupo. Yakaanza mapatano. Akoth alitaka maji ya kisima yawe ya miji yote miwili. Trizah alikubali wachote tu wakati wa jua kali. Mtu wa Gatwekera akakumbusha kosa ambalo Mashimoni walifanya sokoni mwezi uliopita. Lenah hakuwa ameandika hata neno moja la hayo. Yeye aliandika kwamba ukipata sita, umepona. Muia alicheka mahali pasipofaa, akanyamazishwa na wachezaji wote.

Baadaye Lenah alimsindikiza mpaka barabarani. Muia alitembea polepole.

"Nikizifunga karatasi zote kwenye jalada moja," akasema, "Mashimoni watakuwa na dawa yao. Hawatasimama kwenda Gatwekera."

Hata hivyo kitabu angekitoa, na aliamini kingeuzika. Ila kampuni ingetaka karatasi zikome, maana haiwezi kuuza dukani kitu ambacho mtaani kinauzwa vipande. Na karatasi zisizo na jalada hakuna duka linalozipanga kwenye rafu. Hakumsukuma. Alisema yote hayo kama mtu anayeeleza njia.

Lenah alifikiria wale ambao wangekinunua, watu ambao hatawaona kamwe. Huenda nao wangepata namna yao ya kusimama, hilo hakulijua. Alichokijua ni kile ambacho kingekoma huku.

"Nimekitaka hicho kitabu sana," akasema. "Lakini hapana."

"Utajuta kidogo."

"Nitajuta sana."

Muia akampa mkono, akavuka barabara.

Jumatatu Lenah alikwenda Kawangware. Walubengo alikuwa tayari amemwekea kipande cha ngozi bandia cha kujaribia jalada. Aliposikia kwamba kitabu hakitatoka alikikunja tu, akakirudisha chini ya meza bila kuuliza sababu. Lenah akampa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, yenye masharti ya miji miwili kugawana kisima. Trizah ndiye aliyeiandika, na meza ya tatu, ya ndani zaidi huko Kibera, ilikuwa imeshaiulizia.

Walubengo aliichapa kwenye kompyuta. Vidole vyake vilikuwa vimezoea: vilianza na jina la Lenah, juu kabisa, kama kwenye karatasi zote zilizotangulia.

"Lo, hii ni ya Trizah," akasema. "Nifute?"

Lenah aliliangalia jina lake pale kwenye kioo cha kompyuta. Walubengo akangoja, kidole juu ya kitufe.

"Futa."