Ukuta wa Wilf

Hester Thirtle alimtilia shaka Denholm Pryke tangu siku alipomkuta akigonga ukuta wa kanisa kwa kidole, kisha akautegea sikio. Mtu mwenye nia njema anagonga ukuta wa kanisa ili iweje? Tena alikuwa amehamia kijijini juzi tu, na kwenye kanisa la kijiji jirani wezi walikuwa wameshabandua mabamba yote ya madini ya risasi yaliyoezeka paa.

Na alichagua ukuta wa kaskazini! Mnara wa mviringo walijenga watu wa kale, madirisha marefu wakaongeza wajukuu zao, lakini ukuta wa kaskazini kijiji kizima kiliuita wa Wilf. Wilf, marehemu mumewe, alipostaafu alikwangua chokaa iliyokuwa ikipukutika katikati ya mawe, akajaza saruji, kiangazi kizima, bila malipo. Alipokufa wakamzika hapo hapo chini yake. Ukuta ule ndio Hester alioachiwa na Wilf, na yeyote ambaye angeuchezea angemtambua.

Dalili zikazidi. Asubuhi moja alikuta vumbi la kijivu kwenye nyasi. Siku ya zamu yake ya kupanga maua kanisani, alipoingia na ndoo yake, Beryl Mobbs na wenzake wakanyamaza ghafla.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Hali ya hewa tu, mpenzi," alisema Beryl bila kumtazama.

"Hali ya hewa ndiyo ya kunong'onezana?"

Hata Kasisi Rosalind, Jumapili baada ya ibada, alimkimbia na birika la chai mkononi. Na humo ndani, Mtakatifu Kristofa, lile jitu lililochorwa ukutani kuelekea mlango likivuka mto na Mtoto begani, alikuwa akibanduka uso. Hester aliapa kwamba ni Pryke huyo huyo, maana tangu aje madirisha hayafungwi na unyevu unaingia.

Alhamisi akachukua mkasi wa nyasi, akajibanza nyuma ya jiwe la kaburi la Wilf. Haikupita muda Pryke akaja, akatoa nyundo na patasi, akang'oa kipande cha saruji.

"Weka chini!" Hester aliibuka kaburini, mkasi juu.

Pryke nusura aanguke. "Bi Thirtle! Mungu wangu, nilidhani ni..."

"Wilf? Heri angekuwa yeye, angekutwanga! Unamuuzia nani mawe yetu?"

"Siuzi kitu. Nimekarabati makanisa maisha yangu yote. Kasisi ndiye aliyeniomba niuchunguze ukuta. Akasema wewe usijue."

"Nisijue? Mwenye ufunguo wa kanisa nani?"

Pryke aliushika mkono wa Hester. Akausogeza taratibu hadi kwenye tundu aliloliacha, na Hester akagusa tope la baridi.

"Chokaa inapumua, Bi Thirtle. Saruji haipumui. Maji yakishaingia humu hayana pa kutokea ila ndani."

"Ndani wapi?" aliuliza, ingawa alishajua. Upande wa pili wa tope lile ulikuwa uso wa Kristofa.

"Itabidi saruji itoke yote. Hakuna aliyethubutu kukuambia. Walimpenda mno Wilf."

Hester aliona aibu, kisha akamwonea Wilf huruma. Akakumbuka vile vidole vya mumewe vilivyochanika kwa saruji, alivyokuwa akivipaka mafuta kila jioni huku Wilf akijisifu kwamba sasa Kristofa hatapata baridi tena.

"Lete patasi."

"Ninao mafundi, Bi Thirtle, usijisumbue..."

"Hii ni kazi ya mume wangu. Nisipoianza mimi, hakuna wa kuigusa."

Alitafuta mahali pa kuanzia, akaona pale kidole gumba cha Wilf kilipobonyeza saruji ikiwa mbichi. Akakiweka chake humo, kikatosha. Kisha akaegemeza patasi pembeni mwa alama hiyo, akapiga. Kipande kilipobanduka alikifuta tope kwa aproni, akakitia mfukoni, akahamia kinachofuata.