Masomo ya Jirani

"Kwani nilikushika mkono ukajaza fomu?" Mama Pacha alinijia juu, mikono kiunoni. Majirani walikuwa wameshatoka kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

"Ulijua! Ukanyamaza, ili joho ulivae peke yako!"

"Shoga, mimi nasoma biashara, wewe unasoma ualimu. Tangu lini nikawa msajili wa chuo?"

Acha niseme ukweli, maana mtaani walishausema kabla yangu. Tumegawana ukuta huu mwaka wa tisa. Alipojiunga na chuo cha jioni, siku ya tatu nami nikachukua fomu. Nilikuwa msaidizi kwenye chekechea, nikitaka shahada ili nipewe darasa langu. Sababu hiyo niliiandika. Ile nyingine sikuiandika: roho iliniuma kumwona anapita na begi jipya, anaitikia salamu kwa mapozi.

Basi kila muhula nikawa namchungulia. Kajiandikisha masoko, nami masoko. Kaingia sheria za biashara, tumo humo humo. Akipata sabini, sili vizuri mpaka nipate sabini na mbili. Mshauri wetu wa masomo alikuwa anasaini fomu huku anaongea na simu. Mimi nilidhani krediti, zile alama za kila somo ulilofaulu, ni kama mifuko ya saruji, ukifikisha idadi unajenga. Nikafikisha mia na ishirini, sawa na zake. Joho nikalipima kabisa.

Leo asubuhi orodha ya mahafali ikabandikwa. Yeye yumo, mimi simo. Nikaingia kwa msajili nawaka.

Yule mzee akavua miwani. "Mama, umefaulu masomo arobaini. Ishirini na tisa ni ya biashara. Shahada ya ualimu inakuhesabia manne tu ya kujichagulia. Mengine yatabaki kwenye karatasi ya matokeo, pambo."

"Na ualimu wenyewe?"

"Saikolojia ya mtoto hujasoma. Darasani kufundisha hujaenda. Una miaka miwili mbele yako." Akasukuma fomu mezani. "Ila ukihamia biashara, yote yanaingia. Ya lazima umeyamaliza bila kujua. Saini, uirudishe kabla ya saa kumi, mwezi ujao unavaa joho."

Fomu hiyo ndiyo niliyokuwa nampungia Mama Pacha usoni. Akaninyang'anya, akaisoma midomo ikitikisika.

"Ebo! Si usaini? Tutapanda jukwaani pamoja!"

"Nisome miaka mitatu nipate shahada yako?"

"Kwani wewe ulikuwa unasoma ya nani?"

Nilikiona akilini kile kiti kidogo nyuma ya darasa la chekechea, ninapokaa kufunga kamba za viatu wakati mwalimu mwenye darasa anaandika ubaoni. Huyo naye namwonea wivu, tena wa kunikosesha usingizi, lakini yeye sikuwahi kumfuata popote.

"Nilikuona mwaka wa kwanza," Mama Pacha akasema, sauti imeshuka. "Nikajua umenifuata. Nikakaa kimya kwa sababu nilipenda kuwa na mtu wa kukaa naye. Hilo kosa langu, nalikubali. Lakini sabini na mbili zako zilinichoma, mama wee! Nilitamani ufeli japo mara moja."

"Mchawi wewe."

"Mwenzio."

Nilicheka huku machozi yananitoka, na bado nilimtazama yale mabega yake nikaona joho litakavyomkaa, nikaumia upya. Redio ya nyumba ya tatu ikasoma habari za saa kumi. Mama Pacha akanirudishia fomu. Hakuna aliyekimbia kwenda chuoni. Nikaikunja mara nne.

"Miaka miwili," nikasema. "Na usithubutu kunisindikiza."

"Mimi? Watoto wadogo wananiumiza kichwa, nenda mwenyewe." Akasukuma mlango kwa kisigino, ndani vyombo vinagongana. "Haya, sogeza hao pacha upate pa kukaa. Ingia tule."